Kipa Aliyetoka Barafuni Kwanza

Hebu sema kweli: umewahi kuiba kwa macho? Si kwa mkono, maana mkono una polisi wake. Kwa macho: ukaona jambo ambalo wenzako hawakuliona, ukalitia mfukoni, ukaenda kulitumia dhidi yao huku unacheka nao mezani. Wakubwa wa dunia hii hujenga maghorofa kwa namna hiyo, na kesho yake hualikwa kutoa hotuba juu ya bidii. Orest Wachniuk hakuwa mkubwa wa chochote. Alikuwa dereva wa gari la kulainisha barafu katika uwanja wa hoki mjini Winnipeg, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye goti bovu, na asubuhi moja ya Aprili macho yake yalimtia majaribuni.

Alikuwa ameketi juu ya gari lake langoni, injini ikinguruma polepole, akisubiri timu imalize mazoezi ya asubuhi. Ng'ambo, nyuma ya kioo, waandishi wanne wa habari walikuwa wakisubiri jambo moja tu: kipa gani angetoka barafuni kwanza. Siku ya mechi makocha hufunga midomo, lakini kipa anayetangulia kutoka mazoezini ndiye atakayesimama golini jioni. Yule wa akiba hubaki nyuma kupigiwa mashuti na wachezaji wasio na namba. Watu huiamini desturi hiyo kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Saa tano kasoro dakika kumi, Ville Rantakari, kipa namba moja, akatoka kwanza. Waandishi wakainamia simu zao, na kabla dakika haijaisha nchi nzima ikajua. Wakaenda zao. Rantakari akapita langoni kifua mbele, akamsalimu Orest kwa kidevu. Alipokata kona, mahali ambapo hakuna kioo, akashika ukuta. Akateremka taratibu mpaka sakafuni, mkono mmoja kwenye nyonga, glovu ya mkono wa pili ameiuma kwa meno. Daktari wa timu akaja mbio na mwenzake, wakambeba. Yule mwenzake akageuka, akamwona Orest, akaweka kidole mdomoni.

Orest akaingia barafuni kufanya kazi yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliruka kipande cha barafu kizima, ikabidi arudie.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila siku ya mechi, tangu Oktoba, watu watatu, Orest mmoja wao, walikuwa wakipanga vikosi vya kubuni kwenye simu zao: washambuliaji watano, walinzi wawili na kipa mmoja, wote wachezaji wa kweli wanaocheza siku hiyo. Kila mchezaji ana bei yake, na kila mpangaji amepewa dola elfu hamsini za hewa. Ukimchukua nyota hapa, pale utamchukua kapuku. Wachezaji wako wakifunga, wakitoa pasi ya bao au wakipiga mashuti, unavuna pointi. Kipa wako akishinda, unavuna zaidi. Mechi ya kwanza ya siku ikianza, vikosi vinafungwa, na majuto yanabaki kuwa yako.

Zenon, kaka yake Orest, ndiye aliyeuanzisha mchezo huo jikoni kwake. Mshindi wa msimu alikaa mwaka mzima na fimbo ya hoki ambayo Zenon aliichonga mwenyewe ujanani, na jina lake likachorwa juu yake kwa kisu. Zenon alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Tangu hapo fimbo ilikuwa imekwenda kwa mjane wake Doreen mara mbili, na mara moja kwa Réal Gosselin, fundi bomba mstaafu. Jina la Orest halikuwapo kabisa. Na sasa Réal alikuwa anahamia Kelowna kwa binti yake, karibu kilomita elfu mbili kuelekea magharibi. Hii ilikuwa siku ya mwisho ya msimu, Réal yuko mbele kwa pointi mbili. Akishinda, kitu pekee alichokichonga Zenon kwa mikono yake kingeondoka mjini, na nani angekirudisha?

Lakini palikuwa na sharti. Siku Zenon alipomkaribisha mdogo wake mezani alimwambia, "Wewe unafanya kazi ndani. Unachokiona kule, kikae kule. Ukikileta hapa huchezi na sisi, unatuchezea." Orest akaapa.

Kikosi chake alikuwa amekiandika alfajiri nyuma ya bahasha, na kipa alikuwa Rantakari, bei elfu nane na mia nne. Cody Maskell, yule wa akiba, alikuwa na bei ya kutupa. Tofauti ya bei zao ingemnunulia washambuliaji watatu wa kwanza wa Chicago, wanaocheza bega kwa bega, mmoja akifunga wawili wanavuna naye.

Mchana kutwa Orest hakutulia. Alifagia ngazi zilizokwisha kufagiliwa. Alitoka nje bila kofia, akarudi, akatoka tena. Akimwacha Rantakari kikosini, anajitupa shimoni akiona. Akimchukua kipa wa timu nyingine, basi ameshakitumia alichokiona, tofauti ni ya jina tu. Akajiuliza: ningemchagua nani kama nisingeona? Akaitoa bahasha mfukoni. Jibu lilikuwa pale pale kwa mwandiko wake mwenyewe, nalo halikumpa amani. Aliitoa bahasha ile mara tisa.

Saa kumi na moja jioni alikuwa jikoni kwa Doreen. Vitunguu vilikuwa vinakaangwa, pirogi, vimaandazi vya kuchemshwa vyenye viazi ndani, zimejaa bakuli.

"Karibu, mfalme wa barafu!" Réal alisema mdomo umejaa. "Njoo uniage vizuri. Fimbo nayo iage."

"Bado hujashinda, mzee."

"Pointi mbili, ndugu yangu. Kwako hizo ni mlima."

"Réal, viatu vyako vina tope na hilo ni zulia langu," Doreen akadakia. "Hujahama bado. Shemeji, mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Orest alifungua friji, akatazama ndani, akaifunga. Akakaa. Akasimama. "Mmeshamaliza kupanga? Hakuna anayetaka kubadili?"

"Umeuliza mara ya tatu," Réal alisema. "Tubadili nini? Leo hata paka wa jirani ana Rantakari. Si ametoka kwanza?"

Orest akaenda dirishani kutazama theluji chafu ya uani. Nyuma yake, Réal aliacha kutafuna. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne akachukua simu yake, akasema anakwenda chooni.

Saa kumi na mbili vikosi vikafungwa, kila mmoja akaona vya wenzake. Doreen: Rantakari. Orest: Rantakari. Réal: Cody Maskell, na juu yake washambuliaji wote watatu wa Chicago.

"Nani kakuambia?" Orest alisema.

"Wewe."

"Mimi? Sijafungua mdomo!"

"Ndiyo maana," Réal akasema. "Siku tuliyomzika Zenon ulikula pirogi kumi na mbili huku unalia, nikakuhesabia. Leo hujala hata moja, na nikimtaja Rantakari unakwenda kutazama theluji. Bwana wee, ningehitaji gazeti?"

Nusu saa baadaye televisheni ikaonyesha timu ikiingia kupasha misuli moto, Maskell mbele. Doreen akaweka mwiko chini.

"Orest. Ulijua?"

"Niliona asubuhi."

"Na ukamwacha humo?"

"Nilimwandika kabla sijaona."

Doreen akamgeukia Réal, mashavu yamewiva. "Basi huu ni wizi! Sikuandikii hata pointi moja."

"Wizi gani, mama? Sharti la Zenon lilimfunga yeye mdomo. Mimi hakunifunga macho."

Wote wawili wakamtazama Orest. Neno lake moja lingetosha: Doreen ndiye aliyeshika daftari, na alikuwa anamwombea alitamke. Mioyo mingapi imewahi kukataa mlango uliofunguliwa hivyo? Orest akavuta kiti, akakaa.

"Mwandikie," alisema. "Alichokiona, alikiona kwangu. Kosa la uso ni la mwenye uso."

"Ningekuwa wewe ningebadili tangu asubuhi," Réal akasema, safari hii bila kucheka.

"Najua. Ndiyo maana Zenon hakukuapisha. Alijua angepoteza muda."

Doreen akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Réal naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Maskell aliokoa mashuti thelathini na moja, Chicago wakafunga matano katika mechi yao nyingine, na Réal akashinda kwa pointi kumi na tisa. Orest alimchorea jina mwenyewe. Kisu kilimteleza kwenye herufi ya pili, akairudia mpaka ikanyooka.

Asubuhi iliyofuata, akienda kazini, alipitia mtaa wa St. Boniface ingawa si njia yake. Akasimamisha gari mbali kidogo na nyumba ya Réal. Gari la Réal lilikuwa limejaa mpaka darini, milango yote wazi, na yeye akilizunguka na fimbo mkononi, akiijaribu huku, akiijaribu kule. Hapakuwa na nafasi. Akasimama kwa muda, mvuke ukimtoka mdomoni. Kisha akavuta nje kiti chake cha kuegemea, kile cha ngozi ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kukikalia, akakiburuta mpaka ukingo wa barabara, akakiacha palepale kwenye theluji. Akavua koti lake la baridi, akaifunga nalo fimbo tangu juu hadi chini, akailaza mahali pa kiti, akaukaza mkanda. Kipimajoto cha gari la Orest kilisema nyuzi tisa chini ya sifuri. Réal hakumwona. Alipanda, akawasha, akakata kona kuelekea magharibi, akiendesha kwa shati tupu.