Pampu Iliyozibwa Kama Jino

Wateja wangu ndio waliompa jina la Bi Mdogo. Walikuwa wakija saluni, wakikuta viti vimejaa, basi wanapita mlango wa nyuma na kwenda kukaa ndani ya gari la mume wangu uani wakisubiri zamu. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili, na liliinama chini hivi kwamba mtu mwenye mwili wake akiingia ilibidi wenziwe wawili wamvute kutoka. Taa zake zilijificha ndani ya boneti. Sauti yake wakati huo nisingeweza kuisimulia, maana tangu lije kwangu lilikuwa halijawahi kuguruma hata kwa bahati mbaya.

"Wewe uko humu unahangaika na vichwa vya watu," wateja walikuwa wakinitania, "mwenzio kajilaza huko, kapakwa mafuta, kafunikwa shuka!"

Nilicheka nao, lakini kicheko chenyewe wakati mwingine kiliishia menoni. Mume wangu ni fundi cherehani na mtaani wanamwita Sindano. Hana ulevi, hana maneno mengi, watoto wakiumwa ni yeye anayekesha. Ila kwa lile gari alikuwa haambiliki.

Alilikuta nyuma ya hoteli iliyofilisika, siku alipoitwa kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Limefunikwa turubai, paka kazalia kwenye kiti cha dereva. Msimamizi akamwambia akitaka alichukue, mradi amhamishe na paka. Jioni nikasikia kelele nje, natoka, naona mume wangu na wanaume wa mtaa mzima wamelowa jasho wanasukuma kitu. Nilishika kiuno. Yeye alikuwa anacheka kama aliyepata mtoto wa kiume baada ya mabinti sita, na sisi mabinti tunao wawili tu.

Kwanza alifanya lile alilolijua. Alishona upya viti kwa ngozi, kwa mshono wake wa mistari miwili inayolala pamoja, ule anaouweka kwenye kola za makoti ya watu wakubwa. Akashona na zulia la sakafuni. Ukikaa ndani unajiona mke wa waziri. Shida ni kwamba gari haliendi kwa mshono, linataka spea, na kiwanda kilicholitengeneza kilikuwa kimeacha zamani kutengeneza vifaa vyake.

Alipiga simu ng'ambo mpaka akajua saa za kulala za watu asiowafahamu. Wengi walimjibu kifaa hicho hakipo duniani. Bwana mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, halafu akauliza kama angependa kumuuzia milango. Safari moja kifurushi kilifika. Alikuwa ameomba mota mbili za kuinulia taa, akaletewa moja. Akaifunga hivyo hivyo. Tangu hapo ukibonyeza swichi jicho moja linafumbuka na jingine limelala, na gari likawa linawakonyeza wateja wangu.

Tegemeo lake lingine lilikuwa duka la Sampuli. Huyu ni mzee wa makamo mwenye duka jembamba la spea, mikanda ya injini inaning'inia darini hadi unaisukuma kwa mkono ili umwone usoni. Jina la gari lako hataki kulisikia. Ukianza kueleza anakukatiza: "Lete sampuli." Unampa kifaa chako kibovu, anakiosha kwa petroli mpaka kinang'aa ili asome namba zake, anakiweka kwenye kasha, na siku akipata kinachofanana anakupigia. Kwa njia hiyo alishawahi kugundua kwamba klachi ya gari la tajiri fulani ni ile ile ya trekta. Mume wangu alimpelekea pampu ya mafuta, iliyokufa, akarudi kusubiri.

Wakati huo mimi nilikuwa nimebanwa. Saluni ilikuwa na beseni moja, naosha mteja mmoja huku wengine wanasubiri na dawa inawachoma kichwani. Nilitaka chumba cha pili, na mahali pa kukijenga palikuwa pale uani, chini ya tumbo la Bi Mdogo. Nikaongea na mwashi, akasema mvua zikikatika anakuja. Nikamkalisha mume wangu.

"Mwashi akifika na hilo gari halijatoka hapa kwa miguu yake, linakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Nisisikie 'kesho' tena, nisisikie 'kidogo tu'."

"Sawa, mama watoto," alisema. Hakubisha. Afadhali angebisha, maana nilijua nikianza kumwonea huruma nimekwisha. Nikaondoka haraka nikajifanya nina mteja.

Mvua zilikuwa zinapungua Sampuli alipopiga simu: imepatikana! Mume wangu aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani mguu mmoja umeshonwa. Alirudi amekumbatia pampu, safi, inang'aa, na ubavuni ina kiraka cheupe, kigumu, kilicholainishwa vizuri sana.

"Hiki cheupe ni nini?" nikamuuliza.

"Huko kiwandani wana maarifa yao," akanijibu kwa heshima, kana kwamba mwenye kiwanda anatusikiliza.

Akaifunga. Haikuvuta hata tone. Akaifungua, akaifunga tena, kimya. Asubuhi akaibeba kurudi nayo dukani, na mimi nikamfuata, kwa sababu mume wangu ni mtu wa kuombana radhi na aliyemkosea, na mimi siyo.

Tulikuta mama mmoja ameshatangulia kugombana. Mtu mzima, kavaa miwani mizito, na goti moja linamsumbua. Alikuwa daktari wa meno mstaafu, na Sampuli alimwita Mama Meno kwa woga wa mtu aliyewahi kung'olewa naye. Ameshika pampu kama yetu.

"Umeniuzia kitu kibovu!" alikuwa anamwambia. "Tena kimefungwa kwa kipande cha ngozi, kama kiatu!"

Mume wangu akaisogelea ile pampu, akaigeuza. "Samahani, mama. Huu mshono ni wangu."

Mama Meno naye akaangalia mkononi mwa mume wangu. Akavua miwani, akaivaa tena. "Na hilo jino nimeliziba mimi."

Sampuli akashika tama. Magari mawili ya aina ile mjini kote, na wenyewe hawajuani. Kila mmoja kamletea pampu iliyokufa. Yeye kaziosha zote mbili zikang'aa, kaziweka kasha moja, miezi ikapita, na siku alipofungua kasha akaona bidhaa. Kampa huyu ugonjwa wa yule. Mimi niliyekwenda kugomba nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya grisi. Mama Meno alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Mume wangu pekee hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Mama, na wewe unalo? La rangi gani?"

Kesho yake Mama Meno alikuja kwetu na makanika wake. Makanika akatundika chupa ya mafuta juu ya injini yetu, akapitisha mpira, akasema, washa. Bi Mdogo akaguruma. Wallahi, glasi zilitikisika kabatini, mteja aliyekuwa chini ya draya akatoka mbio na rola zake kichwani, na mimi nikajikuta nimeshika ukuta. Sikujua kama sauti inaweza kupita tumboni mwa mtu. Mume wangu alikaa nyuma ya usukani, machozi yanamtoka, akaingiza gia. Chini kukasikika kitu kama mtu anayetafuna kokoto.

Makanika akazima. "Injini nzima. Gia boksi haina meno."

Tukamgeukia Mama Meno, maana ndiye mtaalamu wa meno, lakini hilo hakuliweza. Gari lake lilikuwa kinyume cha letu. Gia boksi yake safi, injini imepasuka ubavuni. Alikuwa ameshaambiwa hivyo na makanika wawili na akawafukuza wote. Huyu wa tatu alimwambia akiwa amesimama karibu na geti.

Kwa hiyo kulikuwa na gari moja tu zima, limegawanyika katika nyua mbili. Lilianza zogo la heshima ambalo sijapata kuona. "Mama, lako limechoka, hebu lipumzike." "Mwanangu, la kwako halijawahi kutembea, halitajua hata pa kwenda." Walibishana kwenye saluni yangu, wateja wakagawanyika, wengine wa Bi Mdogo, wengine wa yule wa samawati wa Mama Meno. Na mwashi alikuwa keshaleta mchanga.

Siku moja makanika alifunua lile zulia zuri la mume wangu ili aangalie bodi. Chini yake hapakuwa na sakafu, kutu ilikuwa imeila yote, unaona ardhi. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anajua. Alishona zulia juu ya shimo, na miaka yote ile wateja wangu walikuwa wanakalia hewa.

Alifuta mikono. "Injini iende kwa mama," akasema. "La kwake lina mwili."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Uwanja ungekuwa wangu, tena bila ugomvi. Lakini alifungua zile nati mwenyewe, moja moja, hakukubali makanika azifungue. Injini ilipoinuliwa kwa mnyororo alisimama ameishika ubavuni isiyumbe. Jioni hakula. Aliniuliza tu kama beseni jipya nalitaka upande wa dirisha au wa mlango. Nilijifungia stoo nikalia ndani ya taulo, nikajichukia, na nikamchukia hata yule paka.

Viti vyake vya ngozi aliving'oa akaviweka saluni. Bodi ikachukuliwa na Mama Meno kwa ajili ya milango na vioo. Mwashi akachimba msingi. Kila mchana mume wangu alikwenda kwa Mama Meno, na usingedhani anamsaidia mtu mwingine, maana alimshonea mpaka dari. Sampuli, kwa aibu, alizunguka mji na zile pampu mbili mfukoni, akazilinganisha na kila kitu chenye magurudumu, mpaka akapata inayolingana kwenye gari bovu la kusambazia mikate.

Siku hiyo nilikuwa nimemsuka mteja nusu kichwa. Nikaisikia. Sikuhitaji kuambiwa, niliijua sauti ile tumboni kabla ya masikioni. Nikatoka na kitana mkononi. Gari la samawati limesimama mlangoni, mume wangu kashika usukani, Mama Meno pembeni yake kajifunga kitambaa kichwani kama msichana. Goti lilikuwa limemkatalia klachi, ndiyo maana hakuendesha.

Sasa hapo ndipo nilipoona viti ni viwili. Nilisimama pale kama mtu aliyekwenda kuaga wasafiri. Nikajisemea, ulitaka uwanja, si huo, kausimamie.

Mama Meno akafungua mlango, akashusha mguu mmoja, akautafuta wa pili. "Ingia, mwanangu. Mimi nimeshawapitia jirani zangu wote walionicheka. Mteja wako nitakaa naye mimi."

"Na nywele zangu?" mteja akapiga kelele dirishani.

"Nusu hiyo imekupendeza!" nikamjibu, nikaingia.

Sitasema uongo. Nilipiga mayowe kona ya kwanza, na ya pili nikamwambia aongeze. Watoto walikimbia pembeni, wanaume wakatoka kwenye vibanda. Mume wangu, mtu asiye na maneno, alikuwa anaongea bila kituo: sikia hiyo, hiyo ni gia ya tatu, sikia sasa. Nilimtazama uso nikaona yule kijana aliyenipima gauni zamani akasahau kuandika vipimo. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo, na nilikuwa nimemkosa.

Tulifika kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Magari nyuma yakaanza kupiga honi. Akajaribu funguo, hakuna kitu. Akafungua boneti, akachungulia, akarudi akiwa ameshika kifaa cheusi kilichopasuka katikati, kidogo kama kifundo cha uzi. Akakiweka kwenye dashibodi taratibu, akatabasamu, lile tabasamu la kuniombea radhi.

"Basi, mke wangu. Hiki hakipatikani, najua. Tumelitembeza, inatosha. Ni gari tu."

"Gari tu?" Nilihisi hasira inanipanda kutoka miguuni. "Gari tu? Unamwambia nani?"

Nikashuka na aproni yangu na mafuta ya nywele mikononi, nikaenda nyuma, nikaegemeza bega nikaanza kusukuma. Dereva mmoja akanipigia honi, nikamwambia ashuke asaidie au afunge mdomo, akashuka. Mume wangu akawa anakata usukani upande wa kushoto.

"Wewe, unakwenda wapi?" nikampigia kelele.

"Nyumbani, si ndiyo huku?"

"Nyumbani kufanya nini? Kata kulia. Tunakwenda kwa Sampuli."