Pazia la Uani

Mume wangu alikuwa mchoraji wa mapazia ya studio ya picha hapa mtaani Buyenzi. Nasema yale mapazia makubwa ya kitambaa yanayotundikwa nyuma ya mteja: jumba lenye ngazi, bustani ya waridi, ndege iliyotua. Watu ambao hawajapanda hata pikipiki wana picha nyumbani wakiwa wamesimama kando ya ndege ya mume wangu. Siku ya Idi foleni ilifika barabarani.

Binti yetu hana picha hata moja. Mganga hajigangi. Kila Idi baba yake alisema watu wapungue kwanza, na watu walipopungua gauni lilikuwa limeshachafuka na mtoto amelala. Basi, Idi ijayo. Malaria ikamchukua akiwa na miaka saba, wiki chache kabla ya hiyo Idi ijayo.

Tangu mazishi mume wangu hakushika brashi. Zamani watu walimwita kwa jina la mtoto, baba fulani, kama ilivyo desturi. Wakaacha, kwa huruma, wakaanza kumwita fundi. Hata mimi. Fundi gani asiye na kazi? Alikuwa akiketi uani tangu asubuhi, chai ikipoa mbele yake. Majirani waliniambia subira huvuta heri. Nimesubiri miaka, sijaona ikivuta kitu. Nilitaka jambo moja tu: achore tena, chochote, hata kibao cha kinyozi, nipate mtu wa kuongea naye ndani ya nyumba ile.

Ndiyo maana mteja wangu mmoja wa ushonaji aliponiambia kwamba kule mtaa wa Kinindo kuna maonyesho ya picha za Kijapani, zile zilizochorwa kwa mkono zikae nyuma katika katuni za televisheni, sikumuuliza mume wangu kama anataka kwenda. Nilimpigia pasi shati, nikamwambia avae. Petroli ilikuwa haipatikani mjini, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma nikimsukuma kwa maneno.

Ilikuwa sebule ya villa iliyopakwa rangi nyeupe, na ubaridi wa kiyoyozi. Picha zenyewe ndogo, nyingi hazizidi sinia la chai, kila moja nyuma ya kioo. Jiko lenye sufuria na meza. Kituo cha treni, mvua inanyesha. Ngazi za nyumba na jua la alasiri. Mtu hakuna. Nikakasirika. Jua lote lile tumetembea kuja kutazama nyumba za watu waliohama?

Kijana aliyekuwa akitembeza wageni alinisikia nikinung'unika.

"Mama, watu wanachorwaka mbali, peke yao," akasema. "Wanachorwaka ku plastiki yenye kuonekana ndani, halafu wanawekwa juu ya hii, ndo wanapiga picha."

Mume wangu alikuwa ameinama mbele ya lile jiko. Alikaa pale mpaka nikadhani mgongo umemkamata. Kisha akafungua mdomo.

"Angalia," akamwambia kijana, akionyesha bila kugusa kioo. "Ku meza rangi ni nyingi. Hapa katikati ameipunguza. Mutu atasimama hapa."

"Ego, ndiyo kabisa, mzee! Umejua namna gani?"

"Mi pia nilikuwa nafanya ivo. Ukiweka tawi pale, muteja anatoka na tawi ku kichwa."

Kijana alicheka. Mume wangu naye alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele za watu, na mimi nikageukia picha ya treni nisionekane nikilia.

"Na ile plastiki yenye watu, iko wapi?" akauliza.

"Ingine iko na watu wenye kuzikusanya. Ya zamani sana, ingine walikuwa wanaiosha, wanachora tena juu yake."

"Wanaosha mutu?"

"Ego, mzee. Nyumba ndo zilibaki."

Wakati wa kurudi alitembea kando yangu, akataka kujua nimeweka wapi kile kitambaa chake cha mwisho cha mapazia. Nikajua nimeshinda.

Alichora uani, siku baada ya siku. Aliniambia mchuzi umezidi chumvi, nikafurahi kana kwamba nimesifiwa. Alipomaliza akatundika pazia ukutani. Halikuwa jumba wala ndege. Ulikuwa ua wetu wenyewe: mbabula, lile jiko letu la makaa, bidoni ya maji, kitenge changu juu ya kamba, hata ufa wa ukuta.

Idi ilikuwa karibu. Nikaona nimfunge kwenye kazi kabla hajabadili nia, nikamwita jirani yetu.

"Njo na mutoto," nikamwambia. "Fundi amerudi ku kazi."

Akaja na binti yake mdogo, gauni jipya linametameta. Mtoto hakuambiwa asimame wapi. Alikwenda moja kwa moja katikati, akageuka, akanyoosha mikono ubavuni. Hapo ndipo nilipoona. Katikati ya pazia rangi ilikuwa imepunguzwa, lakini si kwa kimo cha mtu mzima. Ilikuwa nafasi nyembamba, fupi, ya mtoto wa miaka saba. Alikuwa amemwekea mwanetu mahali pa kusimama, na mimi nimemwalika mtoto wa watu.

"Apana," mume wangu akasema taratibu. "Apana pale."

Jirani alikuwa ameshainua simu, akapiga picha. Mume wangu akatoka nje ya geti bila viatu.

Alirudi wakati wa magharibi, akashusha pazia, akalikunja. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Nilitaka achore, akachora.

Jirani alinitumia ile picha. Imetoka nzuri, na ninaichukia kwa uzuri wake. Kila nikiwa peke yangu naifungua, naikuza kwa vidole viwili, natafuta nafasi iliyobaki ya mwanetu kando ya mabega ya yule mtoto, kando ya shingo, juu ya kichwa. Ameijaza nafasi yote. Hapakubaki hata upana wa kidole.