Atara wa Mispa na Harusi ya Mwezi wa Saba

Atara, mjane wa Elasa, ameishi Mispa miaka hamsini na miwili na hakumbuki siku aliyokosea. Majirani wanakumbuka moja.

Ni siku ya harusi ya binti yake, Hefsiba. Bwana harusi, Zabdi, ni mtu wa Betheli, mwendo wa asubuhi moja kuelekea kaskazini. Siku hizi huko ni ufalme mwingine. Tangu makabila kumi yajitenge na nyumba ya Daudi, Betheli wana mfalme wao, ndama wao wa dhahabu, na Sikukuu ya Vibanda yao wenyewe, ya kukaa katika vibanda vya matawi kushukuru mavuno, mwezi wa nane. Mispa husherehekea mwezi wa saba, pamoja na Yerusalemu.

Kila mtu anajua hilo. Atara alijua, na Ahira, baba yake Zabdi, alijua. Wazazi hao wawili walikaa siku tatu wakibishana juu ya mahari, idadi ya wageni na nani alete wapiga matari, kisha wakapatana kwamba harusi ifanyike siku vibanda vitakapobomolewa. Hakuna aliyetaja mwezi. Atara alidhani mtu mwenye akili timamu, hata wa Betheli, akipanga jambo zito hutumia mwezi wa kweli. Ahira naye alidhani vivyo hivyo.

Basi mwezi wa saba, vibanda vya Mispa viliposhushwa kutoka mapaani, Atara alichinja mbuzi wawili, akamvisha binti yake shela, akangoja. Kufikia adhuhuri wageni walikuwa wamemaliza zeituni na kuanza maneno.

"Labda wamepotea njia," alisema jirani mmoja.

"Njia ni moja, na imenyooka," alijibu Atara.

"Basi labda hawajapotea."

Atara alipakia vyungu vya nyama juu ya punda, akamshika Hefsiba mkono, shela na vyote, wakaondoka.

Walimkuta Ahira ndani ya shimo la kukamulia zabibu, miguu myekundu mpaka magotini.

"Mkwe! Karibu! Kuna msiba?"

"Msiba ni wewe. Leo si harusi?"

"Harusi mwezi ujao, mama. Baada ya Vibanda."

"Vibanda vimebomolewa leo asubuhi."

"Kwenu."

"Kwa Musa!"

"Huku zabibu bado tunazikanyaga. Mtu atashukuruje mavuno ambayo hayajaisha?"

"Huyo ndama wenu ndiye aliyewafundisha kuhesabu?"

"Afadhali ndama. Babu wa mfalme wenu alituahidi kutuchapa kwa nge, ndipo tukajitenga."

Wakamuaji walicheka. Ahira alitoka shimoni, akashusha sauti. Nyumba yake inatazamana na ya kuhani, alieleza. Akiozesha leo, kesho mji mzima utasema Ahira anafuata miezi ya Yerusalemu, na kondoo wake hawatapokelewa tena madhabahuni.

"Na mimi nikirudi na huyu," Atara alisema, "Mispa watasema amekataliwa mlangoni. Nani atamposa tena?"

Zabdi alikuwa ameshuka kutoka kwenye mizeituni, kapu begani, na hakujua alitue wapi. Hefsiba aliinua shela.

"Zabdi, unanitaka leo au mwezi ujao?"

Zabdi alimtazama baba yake, akamtazama mama mkwe, kisha akatazama vyungu.

"Leo," alisema. "Na mwezi ujao tena, baba akipenda."

Wakaoana palepale uani. Kila aliyechungulia juu ya ukuta, Ahira alimwambia ni chakula cha wavunaji tu. Mwezi uliofuata akafanya harusi ya pili, yenye matari na kuhani. Atara alihudhuria, ila alikataa kuingia katika kibanda kimoja kilichoachwa bila kubomolewa kwa ajili ya wageni. Alisema anapenda kuota jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mtoto alizaliwa mnono, na nywele tele. Wanawake wa Betheli walihesabu kwa vidole tangu harusi waliyoila, wakapata miezi minane, wakaanza kutabasamu kila Hefsiba alipopita. Habari zikafika Mispa. Siku ileile Atara alipanda Betheli, akasimama na Hefsiba na mtoto kisimani, mbele ya nyumba ya kuhani, na kuwatangazia wanawake kwamba harusi ilifungwa mwezi wa saba.

"Mispa kwenu kila kitu ni mwezi wa saba," mmoja alimjibu. "Tuitie Ahira."

Ahira alikuja polepole. Alitazama nyumba ya kuhani, kisha akamtazama mjukuu wake mikononi mwa Hefsiba.

"Waambie, mkwe," alisema Atara. "Mwezi wa ngapi?"

"Wa saba."

"Ongeza sauti. Hawa wa nyuma wana ndoo vichwani."

"Wa saba!" alipaza sauti Ahira, na dirisha la kuhani likafunguka.