Koti la Gavana wa Mwese

Niliondoka Mpanda kwenda Mwese nikiwa na hasira, na nawaambia mapema ili msishangae huko mbele. Mama alikuwa amenipigia simu. Ukumbusho wa kaka yake, mjomba wangu Leonsi, ulikuwa umepangwa na wakubwa kutoka mjini, na mgeni rasmi ni yule yule aliyekuwa msaidizi wake kule kisiwani. "Njoo unisaidie kusema," Mama aliniambia. "Nataka watu wasikie kwenye spika kwamba kaka yangu hakuiba. Nikishasikia hilo, hata nikifa sawa."

Mjomba alikuwa mkuu wa wilaya ya kisiwa kimoja cha mbali. Kwetu Mwese, kwa vile alitawala kisiwa, walimbandika jina la Gavana. Kule alihangaika hadi ikapatikana boti ya wagonjwa, na kipindupindu kilipoingia alihamishia godoro lake zahanati. Kisha akaambiwa awaondoe wavuvi ufukweni ili tajiri mmoja ajenge hoteli. Akakataa. Wakamfukuza kazi, akarudi nyumbani juu ya lori tupu lililokuwa likifuata maharage. Watu wetu hawakuamini kwamba mkubwa anaweza kurudi mikono mitupu bila kosa. Wakasema ameiba, akakamatwa, akanyang'anywa. Alikufa na jina hilo, na Mama akarithi: dada wa mwizi.

Stendi ya Mpanda, asubuhi. Nilifunga cherehani yangu, nikapanda bodaboda. Nilijiandaa kwa mashimo tunayoyajua, yale yanayokutikisa mpaka meno. Tulipoanza kupanda vilima nikakuta barabara nyororo, udongo mwekundu bado una alama za meno ya grada.

"Wamechonga juzi, sista," dereva alisema. "Si mna wageni?"

"Na wajawazito waliokuwa wanashushwa kwa machela miaka yote hii?"

"Wale siyo wageni," alijibu, akaongeza mafuta.

Grada lenyewe lilikuwa limeishia kwenye kona ya makaburi. Kutoka hapo kwenda zahanati, mashimo yalikuwa yale yale. Nilitukana kwa sauti, na dereva akacheka.

Mwese, jua likiwa juu. Mama alinipokea kando ya gulio. Badala ya kupita katikati ya wauzaji, alinishika mkono tukazunguka nyuma ya vibanda, kwenye majani ya migomba na maji machafu.

"Mbona huku?"

"Ndiyo njia yangu siku hizi," alisema. "Kule mbele wananisema."

Nilimezea, nikamfuata.

Makaburini wageni walikaa chini ya turubai, kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Sisi ndugu tulikaa juani. Mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye suti, alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alitumikia taifa kwa uadilifu, kisha "akaomba kupumzika kwa hiari yake." Mama alinifinya paja. Nilimfuata mshereheshaji nikamkumbusha kwamba familia iliahidiwa dakika chache.

"Muda hautoshi, dada. Mheshimiwa ana kikao mjini."

"Amekuja kumkumbuka nani, sasa?"

"Naomba ukae, dada."

Nilikaa. Nikakaza kitenge begani.

Waandaaji hao walikuwa wameandika kila kitu kwenye ratiba yao, mpaka muda wa soda, wakasahau watani. Kwetu huwezi kumaliza msiba bila watani wa ukoo. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, huongea kama yeye, humsema na kusema kwa niaba yake. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia, wala kumdanganya anapouliza kwa niaba ya marehemu.

Mshereheshaji alikuwa anamwita mgeni rasmi kuweka shada pale Mama Shida alipotokea. Huyu ni muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, na ni mtani wetu, mwenye mdomo usiopumzika. Alikuwa amevaa koti la kaunda suti la Mjomba. Nililijua mara moja, maana nililishona mwenyewe. Mikono nyuma, tumbo mbele, akakohoa mara mbili kama Mjomba alivyokohoa kabla ya kuongea. Watu wakaangua kicheko.

"Mgambo! Mtoeni huyo mlevi!" mshereheshaji alipiga kelele.

Mgambo wetu hakusogea. "Huyo ni mtani, bosi. Simgusi."

Mama Shida akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji. "Jamani, nimelala zangu huku chini, nasikia eti niliomba kupumzika. Niliomba lini? Mimi niliomba boti. Niliomba dawa. Kupumzika sikuomba!"

Kicheko kikapungua. Akasogea mpaka mbele ya mgeni rasmi, akakohoa tena.

"Wewe tulikaa ofisi moja. Nilikataa wavuvi wangu wasifukuzwe, mkanifukuza mimi. Sasa niambie mbele ya hawa. Niliiba?"

Mgeni rasmi, mtu wa huku huku Katavi, alijichekesha. "Aa, mtani bwana, umezidi..."

"Siyo mtani anayeuliza. Anauliza marehemu."

Mgeni rasmi akatazama huku na huku. Alijua mila kama sisi, na alijua kila mtu anajua kwamba anajua. "Hukuiba," alisema kwa sauti ndogo.

Mama akasimama. Sijawahi kumsikia akiwa na sauti ile. "Kwenye spika!"

Mama Shida akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Hakuiba," spika zikasema, mpaka ng'ambo ya bonde. "Alifukuzwa."

Nililia, na sikulia kwa furaha. Mtu aliyelala sakafuni pamoja na wagonjwa, ili aambiwe ukweli wake ilibidi koti lake livaliwe kwa mzaha. Waliovaa suti zao halisi walikuja na uongo ulioandikwa vizuri. Hilo ndilo nililojifunza, na sijafurahi kujifunza.

Kesho yake, safari ya kurudi. Mama alinisindikiza kwenye pikipiki. Tulipofika gulioni nilianza kuzunguka nyuma ya vibanda. Akanivuta kitenge.

"Huku," alisema, akapita katikati.

Wauzaji wakageuka kututazama. Mama mmoja mwenye kibanda cha dagaa, aliyeanzisha lile jina la dada wa mwizi, akainuka haraka, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama. Shikamoo, dada wa Gavana."

Mama alimtazama muda mrefu. Nilitaka kumnong'oneza aitikie, watu wanaangalia. Sikumwambia.

Hakuitikia. Alipita na mwendo wake wa taratibu, na yule mama alibaki ameinama.