Safia Alipolipeleka Neno la Mahakama Sokoni

Saa mbili asubuhi, soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo, limeshachangamka. Safia Faradji ameketi juu ya dumu tupu la mawese, karatasi magotini, anawasomea wauza mawese huku wakiwapimia wateja.

"Parole," anasoma.

"Safia, hiyo iko ya kula ama ya kunywa?" anauliza Mama Pascaline. Wenzake wanacheka.

Hivi ndivyo anavyofanya kazi mtafsiri huyu mwenye miaka ishirini na saba. Shirika moja linalosaidia wafungwa limempa kijitabu cha Kiingereza akigeuze Kiswahili, kisomwe hadi Kabambare na Salamabila. Hatoi ukurasa kabla haujapita sokoni.

Neno hilo moja lilimshika siku tatu. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, ambao kwao ni neno mtu alilolitoa kinywani, ahadi. Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, nacho kililipata kwa Wagiriki, waliokuwa na maana ya kuweka kitu kando ya kingine ili kuvilinganisha. Mzizi huohuo ukapitia Kihispania, ukazaa palabre, jina la Kifaransa la vikao vya usuluhishi katika vijiji vya huku.

"Nilicheka peke yangu," anasema Safia. "Kumbe ndugu yake anakaa hapa kwetu, na sisi tunamwogopa kama mgeni."

Anawaeleza akina mama: mfungwa anatoka kabla ya muda wake kwa sababu ameahidi kufuata masharti.

"Basi mutu iko inje kwa neno yake," anasema Mama Pascaline. "Akiivunja, anarudia ndani."

Safia anaandika: kufunguliwa kwa ahadi.

Msimamizi wa mradi, Marcellin, hapendi mtindo huu. Anasema karatasi za sheria hazisomwi katikati ya madumu. Ametaka barua ya kuomba radhi kwa kuzisoma sokoni, la sivyo kijitabu cha pili cha shirika atapewa mtafsiri mwingine. Na hii ndiyo kazi ya kwanza Safia kuipata kwa diploma yake, baada ya miaka minne ya kuuza vocha za simu.

Hata hivyo ametulia. Ana daftari la maneno 140 ya mahakama, kila moja na asili yake, na anataka liwe kamusi. Jumatatu atapanda pikipiki kwenda kulisoma katika soko la Kabambare.

Simu inaita. Ni Marcellin.

"Dada, mistari miwili tu. Andika kwamba ulikosea, tumalize."

"Sikukosea, Papa Marcellin. Siandiki."