Pembe Sabini na Moja

Nyaruach alifundisha darasa la tatu hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mjane wa Kinuer kutoka Sudan Kusini. Mwaka 2012 alianza kusomea diploma Lodwar wakati wa likizo, na mada yake ilituchekesha sisi walimu wenzake: hip hop ya vijana wa kambi, ina maana gani?

Kila Jumamosi alikaa uwanjani na daftari. Kijana akishazunguka kwa mgongo na kuganda kwa goti moja, mikono juu, yeye alimchora.

"Madam, goti inaungua!" Mou, kijana wa Kidinka, alilalamika.

"Vumilia. Mikono mbona hivyo?"

"Ni pembe ya ng'ombe ya baba. Moja juu, moja imeshuka."

Mimi nilidhani wanaiga video za Marekani, nanyi mngedhani hivyo. Kumbe kila mmoja aliiga kwa mikono pembe za fahali wa kwao, hata waliozaliwa kambini. Nyaruach aliandika yote: jina, fahali, ukoo, na anakolala. Wanuer kwa Wadinka, vijana sabini na mmoja.

"Bila majina ni hadithi tu," Bi Wangari, msimamizi wake chuoni, alimwambia. "Ukiwa nayo, ni utafiti."

Desemba 2013 vita vikazuka Juba, Wadinka na Wanuer wakauana. Asubuhi moja Both, mdogo wa marehemu mumewe, akaja na wanaume wanne.

"Shemeji, nyumba ya kaka yetu mkubwa kule Juba imeisha. Wameuawa, mama na watoto."

"Nimesikia. Keti, nikupe chai."

"Chai baadaye. Lete ile daftari. Inasema nani ni Dinka na analala wapi."

"Ni ya dansi, Both."

"Si wewe ulinifundisha kusoma? Lete nisome."

Nyaruach akamwambia liko shuleni, warudi saa nane. Lilikuwa chini ya godoro. Walipoondoka tu, alilichana ukurasa kwa ukurasa, akaulisha moto wa maharagwe miaka yake miwili. Picha ya Mou aliitazama kidogo, kisha nayo ikaingia.

Saa nane Both alichokora majivu kwa fimbo. "Wewe si wetu tena," akasema, akaondoka bila kunywa chai.

Diploma iliishia hapo; Bi Wangari hakuwa na la kusahihisha. Na Mou? Nyaruach alikutana naye siku ya tatu kwenye foleni ya maji.

"Mou, mwanangu, hujambo?"

Kijana aliinua mtungi wake mtupu. "Usiniite mwanao, mama wa Nuer," akasema, akaenda kupanga foleni nyingine.