Mjomba Aliyeandikwa Jirani

Khamisa Usi alifaulu mtihani wake wa kidato cha nne, na vizuri, lakini mwaka ule wa 1969 kufaulu peke yake hakukutosha. Nafasi za chuo cha ualimu zilikuwa arubaini, na fomu ilitaka jina la mtu wa kukudhamini. Baba yake, seremala wa Ng'ambo, mjini Unguja, alikwishafariki. Mama yake, Bi Kidawa, akavaa buibui lake, akampeleka kwa kaka yake, Jecha, mtu mkubwa katika kamati ya tawi la chama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, leteni hiyo fomu."

Jecha hakuuliza hata alama zake. Aliandika barua ya mistari mitatu, kwamba huyu ni mtoto wa dada yake wa tumbo moja, akatia sahihi. Wiki mbili baadaye jina la Khamisa likabandikwa ubaoni. Alifurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa na doa: hakujua kama aliyechaguliwa ni yeye au ni mjomba.

Mwaka wa pili, Jecha akachukuliwa na watu wa usalama kazini kwake, mchana kweupe, watu wanatazama. Sababu haikutajwa. Siku ya nne mkuu wa chuo akamwita Khamisa ofisini. Faili lake lilikuwa wazi mezani.

"Huyu Jecha ni nani wako?"

Khamisa akaiona ile barua ya mistari mitatu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mkuu, akiurudishia mlango. "Sitaki kukufukuza. Umebakisha miezi mitatu. Andika kwamba ni jirani tu, alikusaidia fomu. Nitoe hii barua, niweke yako."

Akaandika. Lilipofika neno "jirani" kalamu ilimkwama, akaanza upya kwenye karatasi nyengine.

Jioni akamwambia mama yake. Bi Kidawa alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Ungeniuliza kwanza," alisema. Basi. Kwa mwezi mzima alimpakulia chakula bila ya kumtazama usoni.

Khamisa akamaliza chuo, akapangiwa skuli ya Jambiani. Jecha akaachiwa mwaka uliofuata, kakonda, meno mawili ya mbele hana. Khamisa akapanda gari la abiria la shamba kwenda mjini kumwona. Alikusudia kusema yote. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

"Mjomba, kuna kitu nlikiandika..."

"Nakijua," alisema Jecha. "Walinisomea."

Akamsogezea kikombe cha chai.

"Kunywa, itapoa. Darasani kwako wako wangapi?"

"Hamsini na wawili," alijibu Khamisa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Jecha akamwacha alie. Hakusema kwamba amemsamehe, na Khamisa hakuthubutu kumuuliza.